Kisanduku cha Mama Mzazi

Kilburn, London
Jumapili, 6 Machi 2005

Mdogo wangu Malak,

Assalaam aleikum. Jumatano iliyopita, tarehe 2 Machi, saa kumi na robo jioni, nimepoteza umama. Nilikuwa nao miaka kumi na saba, miezi mitano na siku kumi na saba. Sikunyang'anywa na mtu. Nimeutoa mwenyewe kwa mdomo wangu, mezani jikoni, na chai ilikuwa haijapoa.

Sasa tulia usome mpaka mwisho, usianze kulia ukurasa wa kwanza. Nakujua.

Serikali ya hapa imeanzisha mpango wa kusomesha vijana wa kulinda kompyuta. Siku hizi mwizi havunji mlango. Anakaa chumbani kwake na kibodi, anaingia kwenye mafaili ya hospitali, ya kodi, ya polisi. Basi serikali inamlipia mwanafunzi miaka miwili ya mwisho ya chuo, ada na chumba na vitabu, naye akimaliza anaitumikia miaka minne. Walioomba ni watu 641. Waliochaguliwa ni kumi na wawili. Gawa mwenyewe: mmoja katika hamsini na tatu. Na huyo mmoja ni Zahra wetu.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kazini, nikafanya mishahara ya watu mia tatu na kumi bila kukosea hata mmoja, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani akagonga ukuta. Nikaongeza.

Unakumbuka nilikuhadithia zamani, nilipokuwa nasafisha zile ofisi za serikali? Ghorofa tano, meza 214. Kila asubuhi nafuta vumbi, na kwenye vioo vya kompyuta watu wazima, wenye digrii zao, wamebandika vijikaratasi vya manjano, wameandika maneno yao ya siri. Ningekuwa mwizi ningekuwa tajiri. Nilikuwa nikimhadithia Zahra ili acheke ale uji. Alipokuwa na miaka saba akaniuliza: "Mama, kwa nini hukuwaambia?" Nikamjibu, nani atamsikiliza mwenye ndoo? Nadhani ilianzia hapo. Sasa anataka kwenda kuwaambia, na safari hii watamsikiliza.

Kilichobaki ni upekuzi. Wanataka kujua umezaliwa na nani, umeishi wapi, una ndugu wangapi. Mwezi uliopita Zahra alileta fomu, akaniachia mezani. Amejaza kurasa zote, kwa mwandiko wake ule wa kuchapa. Kisanduku kimoja tu kimebaki kitupu: mama mzazi. "Hicho jaza wewe, Mama," akasema, akaenda zake.

Nimekaa na fomu ile siku kumi na moja. Nimeyasoma maelezo yake mara nne. Anayesema uongo anaondolewa, hata kama alishaanza kusoma. Na nimeelewa wanachokiogopa. Dhambi si kitu kwao. Wanaogopa siri. Mtu mwenye siri ana kamba shingoni, na yeyote anaweza kuja kuivuta. Kazi ya Zahra ni kutafuta matundu. Malak, tundu ni mie.

Ningeweza kuandika jina langu nikanyamaza. Cheti kinasema hivyo. Lakini miaka minne ya kazi, na miaka yote baada yake, mtoto anatembea na kamba asiyoijua. Nimepiga hesabu, haikubali. Basi nikamwita, nikamwambia: mie ni mama yako mkubwa. Aliyekuzaa ni Malak.

Akachukua fomu yake, akavaa koti, akarudi Woolwich alikopanga chumba. Mpaka leo hajapiga simu.

Wewe unajua hatukuiba kitu. Ulipojifungua pacha ukalazwa miezi minne, na Zahra ana miaka mitatu, marehemu mama ndiye aliyesema, "Zahra mpe dada yako akalee." Nani kwetu anaandikiana karatasi na nduguye? Tukaenda ofisi ya vizazi, karani akauliza mama yuko wapi, mama yetu akanisukuma mbele. Jina la baba tukaliacha, maana hilo ni haramu kulibadilisha. La mama tukaliona jepesi.

Sasa ninachokitaka. Nenda kwa wakili hapo Chake Chake. Aandike hati ya kiapo: kwamba wewe ndiye uliyemzaa Zahra, ukamkabidhi kwangu kwa hiari yako, Septemba 1987. Utie saini, ipigwe muhuri, uniletee kwa faksi. Duka lililo chini ya nyumba yangu wananipokelea, namba iko nyuma ya barua hii. Fomu inafungwa Ijumaa tarehe 1 Aprili. Barua anakuja nayo Mwadini, anapanda ndege kesho. Simu sitopiga. Kwa simu tutalia wote wawili, na kilio hakina pa kupigwa muhuri.

Dada yako,
Mwatima

*

Kwa faksi, kurasa mbili
Chake Chake, Pemba
Jumatatu, 14 Machi 2005

Dada Mwatima,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua nimeipata kwa mkono wa Mwadini, pamoja na blanketi na zile soksi. Nani kakwambia Pemba kuna baridi?

Kwanza nikucheke, kisha nikujibu. Kumbe kwa karatasi za Waingereza baba yake Zahra ni Sufian na mama yake ni weye! Basi umekaa na mume wangu miaka kumi na saba, na hujampikia hata siku moja. Nimemsomea Sufian. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema alikuwa anashangaa kwa nini anaumwa mgongo, kumbe ana wake wawili, mmoja Ulaya, na dada wa mke wake! Mungu atusamehe.

Sasa jibu. Mmoja katika hamsini na tatu. Nimeisema hesabu hiyo sokoni, nimeisema madrasa, nimeisema mpaka kwa muuza ndizi. "Mtoto wa dada yangu," nimesema. Sikiliza nilivyosema. Mtoto wa dada yangu.

Sitotia saini.

Dada, usinikasirikie kabla hujamaliza. Siku ile ulipomchukua, mama yuko kitandani kwangu anambeba pacha mmoja, weye umemshika Zahra mkono na viatu vyake vipya vinambana. Nilikwambia: "Kuanzia leo mdomo huu hautomwita mwanangu. Naapa kwa Mungu, mbele ya mama." Weye ulisema hakuna haja ya kuapa. Mie nikaapa. Kwa sababu nilijijua. Bila kiapo ningekufuata mpaka uwanja wa ndege.

Na nimekishika. Alipokuja mwaka wa 1996 akashikwa na malaria hapa kwangu, joto limempanda, akanishika kanga akaniita mama. Nilimjibu, "Mama yako yuko Kilburn, tunampigia simu sasa hivi." Kisha nikatoka nikaenda uani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kafara ya kiapo naijua, usinitumie shekhe. Kulisha masikini kumi, au kufunga siku tatu. Ningefunga hata thelathini. Lakini kiapo kile ndicho kitu pekee nilichokupa chenye thamani. Mtoto nilikupa kwa kuwa naumwa, shida ilinisukuma. Kiapo nilikupa kwa hiari. Nikikivunja nitakuwa nimekupa nini?

Na jingine, ambalo weye na hesabu zako hukuliandika. Nikisema kwa muhuri kwamba mie ndiye mama, basi nimesema pia kwamba weye uliwadanganya watu wa uhamiaji pale uwanja wa ndege. Wakikukamata, mkono uliokupeleka ni wangu. Hapana, dada. Andika jina lako kwenye kisanduku. Ni lako.

Mdogo wako,
Malak

*

Kwa faksi, ukurasa mmoja
Kilburn, Alhamisi 17 Machi 2005

Malak,

Hunielewi, au hutaki.

Mie nimekuja nchi hii na sanduku moja na anwani ya mtu aliyekuwa ameshahama. Nimesafisha miaka sita, nimesoma hesabu jioni miaka minne, leo nafanya mishahara ya watu ambao hawajui kugawa kwa kumi. Hakuna aliyenibeba. Najua thamani ya nafasi moja kuliko unavyoijua weye, maana sikupewa hata moja.

Nimekwenda ofisi ya ushauri hapa Kilburn, nikaonana na Sidonie, Mkongomani, mwanamke asiyezungusha maneno. Kanambia hivi. Zahra hatorudishwa popote. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu. Mwenye maswali ya kujibu ni mie, na huenda nikaitwa, huenda nisiitwe. Lakini atakayejileta mwenyewe na karatasi mbili, ya mzazi na ya mlezi, hatazamwi kama aliyefumwa. Karatasi yangu ilisainiwa juzi. Nimeandika kila kitu, mpaka karani alivyonisukumia kalamu. Kwa hiyo habari ya kunipeleka polisi ifute. Nimeshajipeleka.

Bila yako, yangu ni hadithi ya bibi mmoja tu.

Na mtoto hajaniambia neno siku kumi na tano. Nimempoteza huku, na weye huko unashika heshima. Wakati mwingine nauliza, labda unafurahi. Labda ulingoja siku hii: mie nimenyang'anywa, na weye unakaa umekunja mikono, safi, na kiapo chako.

Silifuti neno hilo. Lisome.

Mwatima

*

Woolwich, London
Jumamosi, 19 Machi 2005

Mama,

Najua ungependa nipige simu. Nimeamua kuandika, na kuandika Kiswahili, kwa sababu wewe kila siku unasema nakuelewa kwa Kiswahili nakujibu kwa Kiingereza kama customer service. Hii ni draft ya tatu. Mama Haika, mwenye nyumba wangu, ananisahihisha. Yeye ni wa Moshi. Mimi nimeandika skuli, yeye amefuta ameandika shule. Nimerudisha skuli. Tumegombana kidogo.

Mama, nilijua.

Nilijua tangu nina miaka kumi na miwili. Nitakueleza nilivyojua, usilie kwanza. Wewe unajua namba ya kila kitu. Ukiulizwa ulifika London lini, unasema tarehe, saa na namba ya basi. Ukiulizwa jino langu la kwanza liling'oka lini, unasema Jumanne. Siku moja darasani tuliambiwa tuulize tulizaliwa saa ngapi. Nikakuuliza. Ukasema, "Asubuhi."

Asubuhi tu! Mama, hujawahi kusema "asubuhi" maishani mwako. Hapo ndipo nikajua kwamba hukuwepo.

Mwaka huohuo nikaenda Pemba nikaumwa. Mama mdogo alinikesha siku tatu. Nilipomwita mama alikataa, akatoka nje, na nilimwona dirishani anafua nguo zilizokauka kwenye kamba. Nikajumlisha. Si wewe uliyenifundisha kujumlisha?

Sikusema kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Ndiyo maana niliacha kile kisanduku. Ningeweza kukijaza mwenyewe dakika moja. Sikutaka kukupekua, Mama. Watu wengine nitawapekua, kazi inataka. Wewe nilitaka ufungue mwenyewe. Na ulipofungua, nikashindwa kusema. Nilitembea mpaka stesheni ya Kilburn, treni tatu zikapita mbele yangu. Nililia, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa nimengoja miaka tisa, na sikujiandaa na jibu. Pole kwa siku zote hizi. Mama Haika amesema mtoto wa Kichagga angechapwa.

Sasa habari. Tarehe 9 nilikutana na bibi wa upekuzi, anaitwa Ann, mtu mzima, ana miwani ya kamba. Nikamwambia kila kitu kabla hajauliza. Akaniuliza, nani anaweza kuitumia siri hii dhidi yako? Nikamjibu: hakuna, si siri tena, mama yangu ameniambia mwenyewe mezani, na chai haijapoa. Akauliza, mama yupi? Nikasema, ninao wawili. Mmoja amenizaa. Mmoja akijua nimechelewa dakika kumi anapiga simu hospitali zote.

Aliandika muda mrefu. Mwisho akasema, "Nilitegemea kusikia mengi leo, si ukweli wa bure." Lakini amesema bila hati ya mama mzazi hawezi kufunga faili, na faili lisipofungwa tarehe 1, nafasi inakwenda kwa mtu wa kumi na tatu.

Nataka nafasi hii, Mama. Naona haya kusema, lakini nataka sana. Nataka kuingia kwenye lile jengo lako la meza 214 kwa mlango wa mbele, na kitambulisho, nibandue vile vijikaratasi vya manjano kimoja kimoja.

Kwenye kisanduku nimeandika Malak. Chini, palipoandikwa "maelezo mengine", nimeandika kuhusu wewe. Pamekuwa padogo. Nimeongeza karatasi mbili.

Mwanao,
Zahra

N.B. Swali langu la darasani bado halijajibiwa.

*

Kwa faksi, kurasa mbili
Chake Chake, Jumamosi 26 Machi 2005

Dada,

Neno lako nimelisoma. Umeniambia nisome, nimesoma. Limeniuma siku tatu, siku ya nne nikasema: huyu ndiye Mwatima, akiumia huuma.

Sikufurahi. Nakuapia, na weye unajua viapo vyangu.

Jana nimekwenda kwa wakili, Suhaib, mtoto wa yule fundi saa. Hati ameiandika. Nimeisoma yote. "Mimi Malak, nikiwa na akili timamu." Sufian akadakia palepale: "Hapo pafuteni, msije mkamdanganya Mwingereza." Anauliza pia kama inabidi akuandikie talaka, au hati inatosha.

Wakili akaniuliza: watoto wangapi uliowazaa? Miaka kumi na saba nimejibu wawili, pacha. Jana nilifungua mdomo nikanyamaza. Akauliza tena. Nikamwonyesha vidole vitatu. Vidole havikuapa.

Hati iko mkobani mwangu. Muhuri upo tayari, saini hakuna. Kalamu nimeishika mara mbili, mkono umekataa. Nimefikiri kwa nini, na nimeona hivi: kiapo kile nilikuapia weye. Mama alikuwa shahidi, na mama hayupo. Mwenye kufungua ni mmoja tu. Na katika barua zako zote mbili, dada, umenihesabia siku, umenihesabia watu, umenipa hesabu ya kugawa, umenituhumu, umeniamuru. Hukunifungua. Hata mara moja hukusema kwamba yule mtoto naruhusiwa kumwita wangu.

Sikulaumu. Nadhani hukuweza.

Malak

*

Kwa faksi, ukurasa mmoja
Kilburn, Jumatatu ya Pasaka, 28 Machi 2005

Mdogo wangu Malak,

Umesema kweli. Sikuweza. Nilikuwa nakutaka usaini kwamba ni wako, na wakati huohuo nakutaka usimguse. Ni hesabu mbovu, na mie ndiye niliyeipiga. Lile neno la tarehe 17 nalifuta.

Zahra alikuja jana. Kaniletea barua nyingine mkononi, kwa kuwa eti ya kwanza haikumaliza. Nimemlisha biriani sahani mbili. Kumbe alijua tangu ana miaka kumi na miwili. Alituona wote wawili tunaficha kitu kimoja, mie kwa kusema "asubuhi", weye kwa kufua nguo safi, akatuonea huruma akanyamaza miaka tisa. Serikali inataka mtu wa kuona matundu na kutunza siri; wamempata, na sisi tulimsomesha kazi hiyo bila ya ada. Nilimtazama akila, Malak, nikasema moyoni: huyu tumemfanya wawili. Mmoja peke yake asingetosha.

Basi sikiliza. Mie Mwatima, niliyeapiwa na Malak mwezi wa Septemba 1987, nakufungua kiapo chako. Nakufungua bila ya sharti, leo na siku zote. Mwite "mwanangu". Mwite sokoni, mwite madrasa, mwambie na muuza ndizi. Kafara nitalisha mie, masikini kumi, na nimeshamtumia Mwadini huko fedha ya mchele. Mie sipungukiwi. Nilidhani tarehe 2 nimepoteza kitu. Nimetafuta siku ishirini na sita, sijakiona kilichopotea.

Sufian mwambie talaka naitaka, tatu kwa mpigo, nimemchoka.

Sasa kazi. Leo hapa ni sikukuu, ofisi zimefungwa, zinafunguliwa kesho. Zahra atamkabidhi Bi Ann hati kwa mkono Ijumaa asubuhi. Nitakaa dukani mbele ya mashine ya faksi Alhamisi tarehe 31, tangu wanafungua. Mwenye duka nimemwambia asiweke karatasi nyingine yoyote. Mwisho ni saa kumi jioni za London. Na angalia: jana saa za hapa zimesogezwa mbele, kwa hiyo tofauti yetu sasa ni saa mbili, si tatu. Kwenu itakuwa saa kumi na mbili jioni, kabla ya magharibi. Usije ukanipigia ile hesabu ya zamani.

Sitaki barua. Sitaki salamu. Nataka hati yenye saini, au neno moja: hapana. Usipojibu nitahesabu kuwa ni hapana, na sitokuuliza tena.

Na kama ni ndiyo, chini ya saini yako, kwa mkono wako, andika mwanao alizaliwa saa ngapi. Nataka saa na dakika, Malak. Usiniandikie asubuhi.

Dada yako,
Mwatima